Zawadi ya Kuachana na Mwinjuma

Ijumaa, 18 Desemba 1953. Temeke.

Meza yangu iko tayari! Mninga mtupu. Fundi wa Keko ameipiga randa mpaka unajiona uso. Karani mzima kama mie, miaka yote hii bado naandikia juu ya sanduku la nguo! Aibu imekwisha.

Tatizo ni chumba. Kitanda changu huku, kitanda cha Mwinjuma kule, katikati hapatoshi hata kigoda. Meza ikiingia, Mwinjuma atoke. Si mtu mbaya, hapana. Ila anakoroma, anavaa viatu vyangu vyeupe bila kuniuliza, na ananiita mpagazi mbele ya wapangaji wote. Lakini sikukuu ya Idd Mwinjuma alinishonea kanzu kwa mkono wake (ni fundi cherehani), na sasa Krismasi hii hapa, zamu yangu kutoa. Swali linaninyima raha: mtu unayetaka kuachana naye humpa zawadi gani? Usipompa, huna adabu. Ukimpa nzuri, hatoki ng'o!

Jumamosi, 19 Desemba.

Nimepeleleza. Nimemwuliza Bi Mwamvita, mwenye nyumba, nikijifanya namwulizia rafiki yangu. Akanitazama sana. Akasema sahani ya watu hairudi tupu, na mtu akiirudisha tupu, basi amekwisha kusema yote. Hivi kumbe! Na kila Jumamosi mama yake Mwinjuma huniletea vitumbua kutoka Mbagala. Vimekuja leo. Nimevila vyote. Vitamu, Mungu anisamehe.

Jumatatu, 21 Desemba.

Jana nilimpa Mwinjuma sahani airudishe kwa mama yake. Tupu! Hata kuiosha sikuiosha. Nikakaa kitandani nione atakavyonuna.

Alicheka mpaka akakaa chini. Akawaita wapangaji waje waone, Mnyamwezi njaa imemshika mpaka amelamba na maua ya sahani. Leo sahani imerudi kutoka Mbagala imejaa maganda ya mihogo, na salamu za mama kwamba mkwe wake, eti ndiye mie, ale ashibe. Kisha bwana huyu akachukua mwavuli wangu, akasema ni haki yake.

Nilisahau kabisa. Yeye Mzaramo, mie Mnyamwezi. Watani! Mtani humtukani akakasirika. Ukimchokoza, anabeba kitu chako, nawe unatakiwa ucheke. Mie nilidhani mambo hayo yalikwisha na wazee wa misafara ya wapagazi. Kumbe yanaishi, tena chumbani kwangu.

Jumanne, 22 Desemba.

Hila ya pili. Hii hata mtani ataielewa. Nimemkabidhi zawadi ya Krismasi mapema: mkeka uliofungwa kamba, kibuyu cha maji na fimbo. Nikamwambia safari njema. Nani asiyejua maana yake?

Mwinjuma. Aliufungua mkeka, akautandika mlangoni, akajinyoosha na fimbo kifuani. Akatangaza kwamba mpagazi leo ametua mzigo, na yeye mwenye mji anapumzika. Watu kicheko! Halafu akavichukua viatu vyeupe, safari hii moja kwa moja. Nilikasirika, nikakasirika, mara nikajikuta nacheka. Kwa nini nilicheka? Sijui bado.

Alhamisi, 24 Desemba.

Homa. Tangu jana sijainuka. Mwinjuma hakwenda kazini. Amenipikia uji, amenikanda kichwa kwa kitambaa cha maji, na matusi hakuacha. Amesema nikifa leo atalikalia jeneza langu, halishuki kaburini mpaka Wanyamwezi wote wa Dar es Salaam wamlipe jogoo. Nikamwambia Mzaramo akikaa hata jeneza litalala usingizi. Tukacheka mpaka uji ukamwagika.

Jasho limetoka. Nimelala nikiwaza. Mtu kama huyu naye nimfukuze kwa ajili ya mbao nne? Hapana. Abaki. Meza ikae Keko. Jioni nimejikongoja dukani, nimemnunulia pasi mpya ya mkaa, kwani ile yake imetoboka. Kesho nitampa vizuri, kama mtu aliyefundwa.

Ijumaa, 25 Desemba. Krismasi!

Sielewi. Naandika nikiwa sielewi.

Nimetoka kanisani, nikamkuta anapika pilau, ya sikukuu yangu. Nikampa pasi kwa mikono miwili. Nikainama. Nikasema kama nilivyojizoeza: Ndugu yangu Mwinjuma, tafadhali pokea zawadi hii ndogo, nakushukuru kwa heshima zote, na kama niliwahi kukukosea unisamehe.

Hakucheka. Aliitazama pasi, akanitazama mimi. Akaniuliza polepole amenifanya nini. Nikamjibu hakuna kitu, bwana. Ndipo uso ulipomwanguka kabisa. Akaufuta mwavuli, akauweka kwenye kitanda changu. Akavifuta viatu, akaviweka chini yake. Pasi akaiacha dirishani. Akaukunja mkeka, akasema asante, Bwana Alfonsi.

Bwana! Hajawahi kuniita Bwana. Amekwenda kwa mama yake, Mbagala, na pilau hakuionja.

Bi Mwamvita amesonya. Amesema mtani ukishamwekea heshima umemfanya mgeni, na mgeni huondoka. Nimfuate sasa hivi nikamtukane, ikibidi na mama yake, kabla ya Magharibi atakuwa amerudi. Na mwavuli wangu atauchukua tena!

Jumapili, 27 Desemba.

Jana Mwinjuma alituma watu wakachukua kitanda chake. Meza imeingia. Inaenea vizuri pale kilipokuwa kitanda chake. Naandika juu yake sasa hivi. Mninga hasa! Hakuna anayekoroma. Viatu viko pale pale nilipoviacha. Tangu juzi hakuna aliyeniita mpagazi, nami nimekaa nasikiliza mlango. Jana vitumbua havikuja. Nina hamu naye, basi, nimesema.

Eti nikamtukane! Bi Mwamvita ni mtu mzima, namheshimu, lakini shule hakwenda. Mimi nimelichunguza jambo hili toka mwanzo na nimeliona kosa langu. Pasi ilikuwa ndogo. Aliyeumizwa na zawadi ndogo hupozwa kwa zawadi kubwa.

Nimekwisha kuzungumza na mwenye mkokoteni. Kesho asubuhi meza inakwenda Mbagala, pasi juu yake. Nitavaa suti. Hotuba nimeishika kwa moyo, inaanza na Mheshimiwa Bwana Mwinjuma, na ndani yake hamna hata chembe ya utani. Safari hii lazima arudi.