Saa Nne za Mlima Usiolala

Jumatatu, 16 Juni 2025

Kibanda changu cha video kimegawanyika. Si ukuta, watu. Ukuta uligawanyika mwaka jana.

Chanzo ni filamu ya Mlima Usiolala. Nimeionyesha mara tatu hapa Nyarugusu na kila mara wachimbaji wamejaa hadi mlangoni. Joka, mapango, wapanda farasi, wafalme wenye nywele ndefu kuliko za wake zao. Wanaipenda mno. Ikiisha tu, ugomvi!

Upande mmoja Mwalimu Paskazia, anayefundisha Kiswahili sekondari. Amesoma kitabu chenyewe, kile kilichotafsiriwa, mara nne. Anasema filamu imekichinja kitabu bila hata bismillahi. Mto wa moshi haumo. Bibi wa nyuki hayumo. Malkia kaozeshwa mtu ambaye kitabuni ni mpishi tu. Upande wa pili vijana wa karasha, wale wanaosaga mawe. Wanasema mwalimu abaki na maneno yake, wao wanataka joka.

Katikati, rafiki yangu Cornel. Alisimama na mkongojo wake akasema wote hawajui kitu. Sehemu kubwa kuliko zote imekatwa: pale mpanda farasi Iredi anaporudi pangoni kumfukua mwenzake Talmo. Kwenye filamu mwamba unamwangukia Talmo, Iredi analia kidogo, anapanda farasi, basi. Kitabuni, alisema Cornel, Iredi anarudi. Anachimba kwa mikono siku tatu.

Mwalimu akasema kitabuni hakuna kitu kama hicho.

Cornel akasema kitabu hicho alisomewa chote, sura kwa sura, na mtu anayemwamini kuliko wote duniani.

Kibanda kizima kikanigeukia mimi.

Nikasema jenereta linataka mafuta. Nikatoka.

Jumanne, 17 Juni

Naandika hapa kwa sababu sina pengine pa kusemea.

Miaka sita iliyopita mimi na Cornel tulikuwa tunachimba duara moja, shimo la dhahabu. Siku moja matimba, magogo yanayozuia kuta, yalikatika. Mimi nilikuwa karibu na ngazi, yeye chini. Nikakimbia. Nilirudi na watu, ndiyo, na tukamtoa. Lakini kwanza nilikimbia, na mpaka leo sijui kama nilikimbia kuita watu au nilikimbia tu.

Hospitali alilala wiki tano, mguu umepondeka, uso kautazamisha ukutani. Hali chakula. Hasemi. Daktari anataka kumpasua tena, yeye hajibu. Nikanunua kitabu kwa muuza mitumba, cha kwanza nilichokishika, Mlima Usiolala chenyewe. Nikawa namsomea. Tulipofika sura ya ishirini, mwamba ukamwangukia Talmo. Talmo akafa. Imeandikwa hivyo, wino mweusi. Nikainua macho, nikamwona Cornel amegeuka kutoka ukutani, ananitazama.

Basi nikaweka kidole kwenye ukurasa nikaendelea "kusoma". Iredi akarudi. Iredi akachimba. Sikumbuki hata nilisema nini. Ninachokumbuka ni kwamba siku ile Cornel alikunywa uji wote.

Hata Mama Davis, mke wangu, hajui.

Na leo habari mbaya. Cornel amesikia kuna toleo refu la filamu hii, la saa nne, lenye yote yaliyokatwa. Ametangaza mbele ya karasha lote kwamba Iredi yumo humo, anachimba. Asipokuwemo, yeye Cornel hatafungua tena mdomo kuhusu filamu mpaka kufa. Cornel! Mtu asiyenyamaza hata msibani!

Mpango wa kwanza: toleo refu halipo. Ni uvumi wa mtandaoni. Nimewaambia kwa sura ya huzuni kabisa.

Jioni Cornel akaja na jina na namba ya simu. Nasibu, mwenye laibrari ya filamu Buseresere. Analo.

Alhamisi, 19 Juni

Nimekwenda Buseresere mwenyewe, nia yangu nirudi mikono mitupu. Nikamwambia Nasibu nasikia hana lile toleo refu. Akasema nani kasema. Kabla sijamaliza kudanganya, limeshaingia kwenye flashi yangu.

Halafu akaomba radhi: hili bado halijatafsiriwa. Hakuna DJ aliyeliwekea sauti ya Kiswahili.

Nilitaka kumkumbatia! Maneno ya kigeni matupu! Nani atajua wanasema nini? Mpango wa pili ukashuka hapo hapo kama mvua. Nitatafsiri mwenyewe, kwa kipaza sauti, moja kwa moja. Iredi atasema nitakachotaka mimi.

Nikamwomba Nasibu apeleke mbele. Kwenye saa ya tatu, maajabu! Iredi na wenzake wawili, nyuma ya ukuta wa ngome, wanachimba kwa majembe. Wanachimba kwa hamu! Sikungoja kuona wanatoa nini. Gari la kurudi lilikuwa linapiga honi.

Mimi ni mtu wa akili sana. Watu hawajui tu.

Ijumaa, 20 Juni

Bado kikwazo kimoja. Mwalimu Paskazia anajua Kiingereza.

Nilimfuata nyumbani kwake, nikamwamkia vizuri, nikamwambia maonyesho ni Jumapili saa kumi jioni. Kweli ni saa saba mchana. Akashukuru sana, akasema hajawahi kualikwa na mtu wa video kwa heshima hivi. Nilirudi njiani najisikia vibaya kidogo, kisha nikajisikia vizuri.

Jioni Mama Davis ananiambia mwalimu kapita kununua maandazi, na eti masikini alikuwa na saa ya makosa. Amemsahihisha.

Jumapili, 22 Juni

Sijui nianzie wapi.

Saa sita na nusu hapakuwa na nafasi ya kuweka mguu. Waliotoka kanisani wamekuja na nguo zao za kanisani. Mwalimu kakaa benchi la mbele, kitabu mapajani. Cornel pembeni yake, amenyoa, amevaa shati jeupe. Shati jeupe kwa ajili ya Iredi!

Nikashika kipaza sauti. Saa mbili za kwanza nilikwenda vizuri. Wakipigana, nasema wanapigana. Wakilia, nasema wana huzuni. Mto wa moshi ulipotokea mwalimu alipiga makofi, na vijana wa karasha, wale wale, wakapiga makofi naye. Kila mtu alikuwa anapata kitu chake.

Mwamba ukaanguka. Talmo akafunikwa. Cornel akaegemea mbele.

Nikavuta pumzi. Ngoja ngoja. Ngome. Ukuta. Majembe! Nikapaza sauti: "Iredi amerudi! Anachimba! Anasema, Talmo, vumilia ndugu yangu, nakuja!" Watu wakapiga kelele. Cornel akainua mkongojo juu kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Nikazidi: "Namsikia! Anapumua! Vuteni polepole, msimuumize mguu!"

Wakavuta polepole.

Likatoka pipa la pombe.

Wakalitoboa. Wakanywa. Kumbe ni harusi ya malkia na yule mpishi! Iredi akaanza kucheza ngoma na kikombe mkononi.

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Watu walianguka kwenye mabenchi. Mtu mmoja akauliza kama Talmo amegeuka pombe au pombe ndiyo imegeuka Talmo. Mimi nimeshika kipaza sauti, nasema, ni njia ya kuomboleza ya watu wa kule.

Cornel hakucheka. Alimgeukia mwalimu akamuuliza kitu kwa sauti ya chini. Mwalimu akatikisa kichwa taratibu, akafungua kitabu ukurasa fulani, akamwonyesha kwa kidole. Cornel akasoma. Anasoma polepole, Cornel. Kisha akanyanyuka, akatoka na mkongojo wake, filamu ina saa nzima mbele. Watu wakampisha. Kicheko kikafa chenyewe.

Jumatatu, 23 Juni

Cornel hakuja. Vijana wa karasha, anaofanya nao kazi, wanasema kafika na hajasema neno. Wanamsalimia, anaitikia kwa kichwa. Anatimiza ahadi yake.

Nimemwambia Mama Davis yote. Ya hospitali, ya kidole kwenye ukurasa, na ile ya kukimbia. Aliendelea kuukanda unga. Akaniuliza kwa nini nisimwendee Cornel nimwambie kama nilivyomwambia yeye. Nikasema ninao mpango mzuri zaidi: nimwandikie barua inayotoka kwa mtengeneza filamu, kumwomba radhi kwa kukata ile sehemu.

Mama Davis akasema nikiandika hiyo barua nitalala na jenereta.

Jumatano, 25 Juni

Nimekwenda kwa Cornel mara mbili. Mara ya kwanza nilifika hadi mlangoni, nikamsikia anakohoa, nikarudi. Mara ya pili mlango ulikuwa wazi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, kitabu cha mwalimu magotini, anafuata mistari kwa kidole, midomo inacheza. Hakuniona. Nikarudi tena.

Ni kitabu cha kurasa mia mbili. Mtu anasoma vile ili apate kila mahali nilipomdanganya.

Alhamisi, 26 Juni

Amekuja mwenyewe. Mchana, kibanda kitupu, nafagia maganda ya karanga. Akakaa benchi la mbele, akaweka kitabu pembeni.

Nikaanza kutunga kitu kuhusu kurasa zilizochanika. Akainua mkono.

"Baba Davis," akasema, "nimesoma chote. Talmo anakufa."

Nikasema ndiyo.

"Anakufa, na yule mwenzake hageuki hata kutazama."

Nikasema ndiyo, ndivyo kilivyoandikwa.

Akasema ningemsomea hivyo siku ile, kesho yake asingekubali kuingia chumba cha upasuaji. Alikuwa ameshaamua. Alikubali kwa sababu alitaka kujua Talmo akitoka pangoni atatembeaje.

Nikajikuta namwambia jambo lingine kabisa, lile la ngazi. Kwamba siku ile nilikimbia. Kwamba Iredi siye mimi.

Cornel akatazama turubai la dari. Akasema anajua nilikimbia. Alikuwa chini ya kifusi, hana la kufanya ila kusikiliza. Alisikia gambuti zangu zikipanda. Halafu akazisikia zikirudi. "Za watu wengine sikuzijua," akasema. "Zako nilizijua. Moja ilikuwa imetoboka, inapiga mluzi."

Nikafagia mahali pale pale mara tatu.

Kisha akakasirika, lakini si kwangu. Kwa mwandishi! Akasema huyu mwandishi hajawahi kufukiwa hata na mchanga. Angefukiwa, angejua mtu anarudi. Filamu fupi imekosea, filamu ndefu imekosea, na kitabu ndicho kimeanza kukosea. Toleo kamili ni moja tu.

Nikamwuliza lipi.

Akanitazama kama mtu anayetazama mbuzi. "La wodini," akasema.

Jumamosi, 28 Juni

Mwalimu Paskazia ndiye aliyeomba. Cornel alimrudishia kitabu akamweleza kila kitu, na mwalimu akasema anataka kulisikia hilo toleo la wodini. Vijana wa karasha nao wakasema wanataka.

Tukazima televisheni. Mchana kweupe, kibanda kimejaa, hakuna picha. Nikasimama mbele nisimulie sehemu ya Iredi kurudi. Nikafungua mdomo. Hamna kitu! Nimeisahau yote! Nikaanza kusema palikuwa na pipa, watu wakanizomea.

Cornel akanyanyuka benchini. Akasimulia yeye.

Alikuwa nayo yote. Iredi anaacha farasi kwenye mlango wa pango kwa sababu farasi anaogopa giza. Anachimba kwa mikono, kucha zinang'oka, anaziweka mfukoni ili mama yake azizike. Anaita jina. Hapati jibu. Anaita jina la utotoni. Ndipo anasikia jiwe linagonga jiwe, mara mbili. Maneno yangu haya? Nilisema mimi kitu kizuri hivi? Miaka sita mtu kakihifadhi, na mimi nilikitupa palepale nilipokitoa.

Talmo alipotoka pangoni hapana aliyecheka. Mchimbaji mmoja, mtu wa miraba minne, alijifuta uso kwa kofia yake. Mwalimu Paskazia alikuwa anaandika haraka kwenye daftari. Akasema bado anasimama na kitabu, kitabu ni kitabu, lakini angependa Cornel arudie pale pa kucha.

Nimefunzwa. Naandika hapa ili nisisahau: kuanzia leo sitaongeza neno kwenye hadithi ya mtu mwingine. Kitabu kikisema kafa, kafa.

Jumapili, 29 Juni

Asubuhi amekuja Mzee Bujiku, mfugaji, katoka mbali kwa miguu. Sijawahi kumwona kibandani. Nikamwamkia, shikamoo, akaitika marahaba, kisha akanisalimia upya kwa Kisukuma ili tuelewane vizuri.

Alisema mjukuu wake alimwonyesha ile filamu kwenye simu, na tangu hapo hana raha. Mwanzoni joka linafukuza ng'ombe wa mfalme, mia nane, wanapotelea milimani. Kisha watu wanazungumza habari za taji, mapenzi, mapanga, mpaka mwisho. Hakuna mtu anayeuliza ng'ombe wako wapi! Hata mfalme! Amesikia mimi nimekisoma kitabu. Je, ng'ombe walirudi?

Kitabuni ng'ombe hawatajwi tena. Nafahamu vizuri. Hata Mwalimu Paskazia huwa analalamikia jambo hilo.

Mzee alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili.

Nikasema walirudi. Wote. Sura ya thelathini na nane. Walirudi wenyewe, asubuhi, wanatanguliwa na ng'ombe mwekundu mwenye kengele, na majike wengi walikuwa na ndama. Mzee akauliza ndama wangapi. Nikasema mia mbili na kumi na moja. Akafumba macho. Akasema, sasa hiyo ni hadithi. Akanishika mkono kwa muda mrefu.

Nilikuwa na furaha kama robo saa hivi.

Mama Davis kaingia na sufuria la chai. Anasema kampita Mzee Bujiku njiani, anatembea kama kijana. Anakwenda kwa Mwalimu Paskazia kusomewa sura ya thelathini na nane kwa sauti.

Kitabu kina sura thelathini na sita.

Mwalimu anakaa mwendo wa nusu saa kwa miguu. Kwa bodaboda, dakika nane. Ninao mpango.