Beji ya Korosho Kifuani

Jumatatu, 21 Julai

Nimepata mchongo. Huu ndio wenyewe!

Kikundi cha akina mama wabangua korosho wa Ruangwa kinakwenda maonyesho ya Nanenane, na mwenyekiti wao, Bi Mwanawetu, anataka kila mama awe na beji kifuani. Bi Mwanawetu ni mama mdogo wa Rabia. Ndiye aliyemlea, na ndiye aliyekalia posa yangu tangu Idi. Hajakataa. Amesema tu kwamba atanijibu siku atakayoona kazi moja ya mikono ya Adinani, yaani mimi, iliyofika mwisho. Akataja banda la kuku lisilo na paa. Akataja mashine yangu ya bisi. Ana kumbukumbu kali bila sababu.

Sasa nitampelekea beji. Shida ni moja: Mikidadi, yule wa mihuri na picha za pasipoti pale stendi ya Nachingwea, naye kaitaka kazi hiyo hiyo. Beji zake nazijua. Anachapa picha kwenye karatasi, anaibandika juu ya kipande cha bati, anaimwagia gundi inayokauka na kung'aa. Stika iliyovaa koti la mvua! Mimi nitatengeneza enameli.

Lazima kwanza nijue enameli ni nini.

Jumanne, 22 Julai

Nimeangalia video hadi bando likakata. Sasa mimi ni mtaalamu.

Beji zote za enameli zinaanza na chapa. Unachonga mchoro kwenye chuma kigumu, unaugonga kwenye bati laini, bati linabaki na mabonde na kuta. Mabonde ndiyo nyumba ya rangi. Baada ya hapo njia zinaachana. Enameli laini: rangi inadondoshwa bondeni kwa sindano, haifiki juu ya kuta, inakaushwa kwa joto la wastani. Ukipitisha kidole unahisi matuta. Enameli ngumu: rangi inajazwa hadi inafurika, inachomwa, kisha inasuguliwa hadi rangi na kuta vinalingana. Na ile ya kale haina rangi ya kopo kabisa. Ni kioo kilichosagwa, kikayeyushwa juu ya shaba.

Yaani ni zile zile sahani za maua alizotuachia bibi! Nimekulia kwenye enameli bila kujua. Dada yangu Faudhia, ambaye naishi kwake, ameniuliza kwa nini naikwangua sahani yake kwa msumari. Nimemwambia ni utafiti. Amefungia sahani zote kabatini.

Alhamisi, 24 Julai

Nimekwenda Kiegei kwa Luhende, mfugaji aliyehamia na ng'ombe wake kutoka Usukumani. Nilikumbuka kwamba anajitengenezea mwenyewe vyuma vya kuwekea ng'ombe alama. Chapa ni chapa, nikamwambia. Akakubali kunigongea moja ya majaribio kwa chuma alichokuwa nacho.

Ikatoka safi ajabu. Nilikuwa nishaanza kucheza pale zizini, ndipo Luhende akanieleza kwa upole kwamba hiyo ni alama ya ukoo wao, na kwamba mama yeyote atakayeivaa, vijana wake wakimkuta njiani watamswaga hadi nyumbani pamoja na mitamba.

Basi akatafuta chuma cha zamani, akakipinda na kukichonga umbo la korosho, na kale kamkia kake kalikopinda. Anafanya kazi huku anaimba. Ukigonga upande mmoja wa bati, upande wa pili kuta zinainuka zenyewe. Nilitaka kumkumbatia. Amesema nimlipe kwa kumfundisha mwanawe Amosi hesabu za darasa la saba. Hesabu! Nimekubali haraka kabla hajaniuliza nilipata ngapi.

Ijumaa, 25 Julai

Siku mbaya.

Nimechukua mfuniko wa sufuria kubwa ya Faudhia, ile ya shughuli, nikakata vipande, nikavigonga chapa. Nikasaga chupa ya soda ya kijani juu ya jiwe kwa maji hadi ikawa unga laini. Nikajaza mabonde. Nikaweka kimoja kwenye mkaa wa Luhende, yeye akavuta mvukuto.

Kioo hakikuyeyuka. Bati la mfuniko ndilo lililoyeyuka! Likatiririka majivuni na unga wangu juu yake. Kumbe ndiyo maana video ilisema shaba. Mimi nilidhani wanajionyesha.

Faudhia ametafuta mfuniko wake jioni nzima. Nikasaidia kutafuta.

Jumamosi, 26 Julai

Siku nzuri kuliko zote!

Friji bovu la jirani lina bomba la shaba mgongoni. Nimeliomba, Luhende akalipasua na kulifunua hadi likawa bapa. Likatosha beji moja tu. Nikagonga chapa, nikaisugua shaba kwa ndimu na chumvi, nikajaza unga wa kioo, nikaacha ukauke. Motoni. Kwanza ule unga ukawa mweusi, nikakata tamaa kabisa. Kisha ukawa na vipele kama ganda la chungwa. Kisha ghafla ukatulia, ukawa laini, ukawaka mwekundu. Ilipopoa ikageuka kijani.

Nikaisugua juu ya jiwe lenye maji hadi kioo na kuta vikalingana, nikairudisha motoni kidogo ing'ae. Nimepitisha kidole. Hakuna tuta. Luhende naye akapitisha chake.

Nimempelekea Rabia Ruangwa. Aliigeuza mbele na nyuma muda mrefu, akaibana kwa pini kwenye mtandio wake, akasema mbona hii imeisha. Nimerudi Nachingwea kwa bodaboda nikitabasamu hadi meno yakajaa vumbi.

Jumatatu, 28 Julai

Shaba hakuna. Friji zote za mtaa huu zinafanya kazi, nimeshauliza.

Basi akina mama watapata enameli laini. Vipande vya mfuniko vilivyobaki, rangi ya mafuta ya kupakia milango, sindano mpya kutoka duka la dawa. Nimedondosha bonde baada ya bonde. Zimekauka, lakini zimefifia kama mlango wa ofisi ya kijiji. Mikidadi amepita, akaangalia, akaniuliza kama zinaugua. Nimemjibu kwa heshima. Moyoni sikumjibu kwa heshima.

Zinahitaji kung'aa. Gundi ya Mikidadi siwezi kumwomba. Nimewaza jioni nzima na nimepata! Mafuta ya maganda ya korosho! Kila mtu huku ameyaona yakikauka kwenye mbao: meusi kidogo, magumu, yanang'aa. Tena ni ya bure, maganda yamejaa nyuma ya banda la kikundi chenyewe. Beji ya korosho, inayong'azwa kwa korosho. Hata video hawajafika huko.

Jumatano, 30 Julai

Nimempigia Rabia. Amenikumbusha kwamba yale mafuta yanababua ngozi, na kwamba yeye na wenzake wa kikundi hupaka mikono majivu kabla ya kugusa ganda. Nimemweleza taratibu kwamba yanababua yakiwa mabichi. Yakishachomwa yamekufa. Akauliza nani kasema. Nikasema mtandao unakatika.

Nimechoma maganda niliyoyachukua jana kule bandani, nimechemsha mafuta yake, nimezichovya beji zote nzima, mbele na nyuma, ili kuokoa muda. Nimezianika. Zinang'aa kama kiatu cha bwana harusi!

Alhamisi, 31 Julai

Nitaandika tu yaliyotokea.

Nimevaa moja mwenyewe asubuhi, kwenye shati jepesi, ili Bi Mwanawetu aone mfano. Kufika Likunja kifua kinawasha. Nikadhani ni furaha. Kufika Ruangwa kinaungua.

Bi Mwanawetu alifungua mfuko wangu, akanusa, akaufunga. Akina mama wote wakarudi nyuma hatua moja kwa pamoja, kama waliofanya mazoezi. Hakuna aliyegusa. Akaniamuru nifungue vifungo. Kifuani kwangu palikuwa na lengelenge lenye umbo kamili la korosho, hadi kale kamkia. Mama mmoja alicheka hadi akakaa chini. Rabia aliniosha kwa maji na sabuni, mara nyingi, mikono yake ikiwa na majivu. Alicheka pia, lakini kwa upande.

Kazi amepewa Mikidadi. Nilikuwa naondoka ndipo Bi Mwanawetu alipoona mtandio wa Rabia. Akauliza ile katengeneza nani. Rabia akanionyesha kwa kidevu. Bi Mwanawetu akaivua, akapitisha kidole juu yake, akakirudisha, akapitisha tena. Nilisahau kuungua.

"Hii imeisha," akasema. "Waambie wazee wako waje tukimaliza Nanenane."

Jumamosi, 2 Agosti

Wazee wamekubali kuja! Baba mkubwa ananyoa ndevu tayari. Faudhia amenisamehe mfuniko, kwa sharti ninunue mwingine kabla ya harusi. Amosi wa Luhende amepata swali moja kati ya yote niliyomfundisha, na ni lile alilofanya kabla sijafika. Nina furaha hadi nashindwa kula.

Na kifua kinapona. Leo nimejitazama kwenye kioo kwa makini. Lengelenge limenywea na kubaki alama nyeusi, safi, kila mstari mahali pake. Haihitaji shati. Haitaki pini. Haianguki. Imepita jasho la jana na sabuni na haijafifia hata kidogo. Hakuna shaba, hakuna mfuniko, hakuna Mikidadi. Chapa ninayo. Mafuta ni ya bure.

Nani kasema beji lazima iwe ya chuma?

Kesho namweleza Rabia. Ataanza na yake, kwenye ngozi ya mkono, kabla wazee hawajafika.