Ndimi za Masuguru

Ijumaa, 9 Agosti 1974

Fyuu. Sauti hiyo haijanitoka masikioni tangu asubuhi. Grasiana alikunja ulimi kama bomba, akapuliza, darasa zima likageuka. Nikajaribu wangu. Ukabaki bapa kama kijiko. "Pole, Mwanaidi," akasema. "Wangu unatawala, wako unajificha. Ndiyo jenetiki hiyo."

Mtihani wa jenetiki ni Jumatano. Atakayeanguka ataondolewa kwenye baiolojia, apelekwe ushonaji. Mimi nitakuwa daktari. Sindano yangu si ya cherehani.

Mwalimu Yordani alieleza maana ya sifa inayotawala. Sikusikia mwisho, nilikuwa bado najaribu ulimi. Lakini jambo liko wazi: anayetawala ni mwenye watu wengi. Nitahesabu ndimi za Masuguru. Zilizo bapa zikizidi, atajificha yeye.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimeanzia nyumbani. Nikamwamkia Bibi Mwaija kwa heshima kuliko kawaida, kisha nikamwomba anitolee ulimi. Akaacha kupepeta.

"Mjukuu wangu, ulimi wa mtu mzima hutazamwa na mganga au na mwosha maiti. Wewe ni yupi?"

Mchana nikapata njia bora. Nikaenda kwa Mzee Kibwana, balozi wetu wa nyumba kumi, nikamweleza kuwa ni kazi ya shule. Akauliza shule ni ya nani. Nikasema ya serikali. Akasimama, akavaa kofia. Sikudanganya hata neno moja.

Jumapili, 11 Agosti

Balozi amepiga debe alfajiri kuwaita watu. Jua lilipopanda mstari ulifika kisimani. Wazee kwa vijana, kila mtu na ulimi wake. Bibi alikuwa mbele kabisa, hataki kunitazama.

Bapa ni nyingi! Nyingi mno. Nikawaambia warudi kesho nihakikishe, maana sayansi haitaki haraka. Mzee Hiza aliuliza wenye ndimi bapa watafanywaje. Nilikuwa naandika. Nikamjibu kwamba mambo yote yatajulikana Jumatano.

Jumatatu, 12 Agosti

Msiba. Wote wanakunja. Mzee Hiza anakunja, hana jino hata moja. Wawili watatu wanaushikilia kwa vidole, lakini wanakunja.

Nikauliza. Kumbe imeenea habari kwamba asiyekunja atahamishiwa kijiji kipya Handeni, kwenye kiu. Watoto wamewafundisha wazazi wao kutwa nzima. Bibi naye anakunja, tena vizuri. Akanieleza taratibu kwamba Handeni ndiko alikozaliwa, ndiyo sababu amejifunza kabla ya wenzake.

Nikasema hakuna anayehamishwa. Mzee Hiza akaniambia kwa upole kwamba hata mwaka jana, kabla ya kuhamisha watu, serikali ilianza kwa kusema hivyo.

Jumatano, 14 Agosti

Swali la kwanza: sifa inayotawala ni nini? Nikaandika kurasa tatu. Nilieleza kwamba yaweza kumwingia mtu kwa siku moja, hasa akiogopa kuhamishwa. Grasiana alimaliza mapema. Alikuwa amesoma kitabu tu. Mtu asiye na ubunifu kabisa.

Ijumaa, 16 Agosti

Nimeanguka. Grasiana wa kwanza. Mwalimu Yordani aliniita, akasema kutawala si wingi. Sifa inayotawala yaweza kuwa ya watu wachache katika mji mzima. Akasema nitarudia mtihani Ijumaa ijayo, na nikianguka tena cherehani inaningoja. Akamwagiza Grasiana aniazime kitabu. Alikileta bila kupuliza. Akaniambia nianzie sura ya tano, si ngumu.

Nimefikiri kwa utulivu. Kosa langu lilikuwa ulimi. Ulimi unafundishika. Ndewe za masikio hazifundishiki. Zangu zinaning'inia, za Grasiana zimeshikana na shavu.

Mzee Kibwana nimekwisha kumwona, debe ni kesho alfajiri. Ameuliza jambo moja tu: Handeni wanapeleka zipi? Bibi amekwisha kutundika herini zake za harusi, zile nzito. Kitabu nimemrudishia Grasiana jioni hii, bila kukifungua.