Farasi Wawili wa Sultani na Mbuzi Wangu Wawili

Milola, Lindi

Ndugu Mhariri wa gazeti ambalo hunifikia likiwa limefungia vitumbua,

Assalaam aleikum. Mimi ni mzima, isipokuwa moyo. Naandika kulalamika rasmi dhidi ya Serikali ya Marekani kwa kusababisha mbuzi wangu wawili wapigwe mnada. Nakuomba usicheke kabla hujafika namba tatu.

Kwanza unijue. Mimi ni mkulima wa korosho na mwenyekiti wa chama cha msingi cha ushirika hapa kijijini. Binti yangu Imani, mwalimu wa historia, ameolewa Mitwero na kijana aitwaye Twalib, ambaye ni afisa ushirika. Kwetu mkwe hatajwi jina hovyo; hapa namtaja kwa sababu ya hasira. Mwaka huu wamejaliwa mtoto wa kiume na wamempa jina langu, Sadick. Mtoto wa kiume huchinjiwa mbuzi wawili wa akika, na Mtume (S.A.W.) mwenyewe aliwafanyia akika wajukuu zake. Nikachagua madume wawili wasio na dosari, nikawapakia kwenye fuso la muhogo, nikaenda nao mjini.

Fuso lilikuwa linageuza haraka na Mitwero ni mbali kidogo, basi nikawashusha ofisini kwa mkwe. Hakuwepo. Nikawafunga kwenye mlingoti wa bendera na kuwaachia karatasi shingoni. Jina lake sikuliandika, kwa heshima niliyokwisha kuieleza. Niliandika: "Kwa Afisa Ushirika, kutoka kwa Mwenyekiti wa Chama, Milola."

Alichofanya ni kuwaandikisha kama zawadi kwa mtumishi wa umma. Kwa kuwa mbuzi hawakai kabatini, na kwa kuwa walikwisha kula maua yote ya mbele ya ofisi, ikaamuliwa wapigwe mnada. Kisha akanipigia simu, akaniamkia shikamoo kwa adabu zake zote, akasema: "Baba, ungewaleta nyumbani kwa mkweo ningewapokea kwa mikono miwili. Umewaleta kwa afisa ushirika, na afisa ushirika hana baba mkwe."

Sikulala vizuri. Imani, katika kunipoza, akanieleza kwamba hata Wamarekani walimfanyia hivyohivyo Sultani wetu zamani. Badala ya kupoa nikapata mshitakiwa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwaka 1833 Sultani Seyyid Said, ambaye mamlaka yake yalifika mpaka pwani yetu hii ya Kilwa na Lindi, aliandikiana mkataba wa urafiki na Marekani. Wao walitaka kuweka kifungu cha kumlipa gharama za kuwatunza mabaharia wao watakaovunjikiwa na merikebu. Yeye alikataa malipo, kwa sababu mgeni halipi. Tulianza nao kwa ubinadamu, hilo liandikwe kwa herufi nene.

2. Mwaka 1840 Sultani akapeleka merikebu yake New York ikiwa na zawadi kwa rais wao, wakiwemo farasi wawili wa Kiarabu. Rais akasema katiba haimruhusu kupokea zawadi ya mfalme bila ridhaa ya Bunge. Bunge likajadili. Farasi wakapigwa mnada. Ndugu Mhariri, nimejadili mengi katika mikutano ya korosho, ikiwemo ule uliovunjika viti, lakini sijapata kuona zawadi ikijadiliwa huku aliyeileta bado hajaondoka.

3. Merikebu hiyohiyo ilibeba sandarusi ya kuuza, ule utomvu mgumu wa kung'arishia mbao, na sandarusi ilichimbwa pwani hii. Siwezi kuapa kwamba babu wa babu yangu alikuwa mmoja wa wachimbaji. Lakini hakuna pia awezaye kuapa kwamba hakuwa. Kwa hiyo katika safari ile nasi tulikuwa na mkono wetu, na farasi wale kwa sehemu walikuwa wa Milola. Hesabu hiyo ina maana kwamba ukoo wetu wa Likwata umepigiwa mnada mara mbili. Sasa unaweza kucheka kama bado unaona inafaa.

4. Tabia huambukiza. Kabla ya Wamarekani kuanzisha mchezo huu, sijui mtu wa pwani aliyekataa hata embe. Leo mkwe wangu anahudhuria semina za maadili, na nimethibitisha kwamba sambusa za semina alizila. Wapo watakaosema ukaguzi wa chama changu ulipangwa wiki ileile. Ni kweli, na yeye ndiye alikuwa mkaguzi. Mbuzi hawajui kalenda.

5. Nadai farasi warudishwe, pamoja na kizazi chao chote tangu 1840. Banda nimekwisha kujenga. Najua halitatosha, lakini tutaanza na wazee. Wakati nasubiri, nimevunja uhusiano na Marekani kwa upande wangu: suruali yangu ya jinzi ya mtumba nimeivua na sasa nakwenda shambani na shuka. Nilikwenda pia mjini kwa Quresh, muuza vitambaa, kumrudishia jora la merikani, kitambaa chenye jina lao. Akanijulisha kwamba merikani ya siku hizi hutengenezwa Dar es Salaam, nikalazimika kuisamehe.

Nimeapa sitakanyaga Mitwero mpaka farasi warudi. Mama Imani yuko huko tangu mtoto azaliwe. Mimi nakula ugali wa muhogo peke yangu na mboga naiunguza. Mtoto mwenye jina langu nimemwona kwenye simu tu, na kioo cha simu kina ufa unaompita usoni. Inaniuma sana, sitakuficha. Imani alitaka kuendelea na habari za ile merikebu ya Sultani, lakini nilikata simu, kwani nilikwisha kupata nilichohitaji.

Nisalimie wote hapo ofisini, wapiga chapa, mfagiaji, na Mmarekani yeyote atakayepita.

Wako katika kulinda heshima ya zawadi,
Sadick Likwata, Mwenyekiti

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, Mama Imani amepiga. Aliyewanunua mbuzi kwenye mnada ni Twalib mwenyewe, kwa mshahara wake, mbele ya watu. Wako uani kwake, wamenenepa, hakuna aliyewagusa. Ukaguzi wa Milola amemwachia mwenzake. Anasema sasa hao ni mbuzi wa baba wa mtoto, lakini kisu hatashika mtu mwingine ila babu. Imani naye akaipokea simu na kumalizia yale niliyomkatia: Wamarekani waliikarabati merikebu ya Sultani bila kumtoza kitu, na wakamtumia zawadi zao. Basi futa namba moja mpaka tano. Jinzi nimeivaa. Alfajiri napanda fuso kwenda Mitwero, safari hii mpaka mlangoni, na kuku wawili na kikapu cha korosho. Juu ya kikapu nimeandika: "Hii si zawadi. Ni mizigo ya babu, ameisahau."