Mbolea ya Mpungate

Ijumaa, 5 Oktoba 1956

Baraza limekwisha salama, ila mimi bado si mwenyekiti. Ajabu! Kisiwa chetu, kile kipande cha ardhi pale mto Voi unapogawanyika matawi mawili, kimemezwa na mpungate, ule mmea wa jangwani usio na majani. Miiba mitupu. Nani aliuleta kwanza uwe ua wa kuzuia mbuzi, hakuna anayekubali. Sisi Wataita wa ng'ambo hii tunasema ni Wakamba. Wakamba wanasema ni sisi. Bwana Shamba akasema tuache kulaumiana, tuung'oe pamoja kabla ya mvua, na kila kipande kibebwe mpaka mwambani, kikauke, kichomwe. Hapo nilikuwa sisikilizi sana. Nilikuwa namtazama Mwanzia. Mkamba huyu wa ng'ambo ya pili anautaka uenyekiti wa kamati ya kisiwa, na ana ndevu za mwenyekiti kabisa. Tumekubaliana kwamba upande utakaomaliza kwanza ndio utakaotoa mwenyekiti.

Jioni mke wangu, Tryphena, aliniambia jambo moja tu. Shamba lake la kisiwani aliachiwa na mama yake. Kama hatapanda maharagwe mvua hii, atakwenda Chawia kwa kaka yake Josephat, akalime huko. Atarudi lini? Hakusema. Nilicheka kidogo. Yeye hakucheka.

Jumamosi, 6 Oktoba

Kazi! Wakamba wamekuja na mwethya yao. Wote wanafanya kazi pamoja, wanawake wanaimba, na mvivu anatiwa kwenye wimbo kwa jina. Mwamba uko mbali, jua kali. Mpungate una vimiiba visivyoonekana, vinaingia hata kwenye masharubu. Ndipo akili ikanijia. Tangu lini mkulima akabeba magugu kwenda kuyatupa? Marehemu baba alikuwa anayakatakata, anachimba mfereji, anayafukia, na mwaka unaofuata mahindi yanasimama kama askari.

Basi tukakatakata. Tukafukia katika shamba la Tryphena, mistari imenyooka, udongo juu, safi. Jirani yetu Gertrude akauliza kama Bwana Shamba hakusema tuchome. Nikamwambia Bwana Shamba haujui udongo wetu. Mchana tulikuwa tumemaliza, na Wakamba bado wanapanda mwambani na makarai kichwani.

Mimi ndiye mwenyekiti!

Jumapili, 7 Oktoba

Kanisani nilikaa benchi la mbele. Mwanzia alinipa mkono, akasema kushindwa na watu wenye bidii si aibu. Maneno mazuri. Yaliniwasha kidogo, au labda ni miiba. Tryphena alisikia kwamba nimetia mbolea shambani kwake, akanipikia kimanga, chakula chetu cha mihogo na maharagwe ya kupondwa. Ni siku nyingi hajanipikia kimanga bila kuombwa. Nilikula nikiwaza kwamba huenda mimi ni mume mzuri kuliko nilivyodhani.

Alhamisi, 8 Novemba

Mvua imekuwa njema. Maharagwe ya Tryphena yameota. Mpungate nao umeota. Tena si ovyo ovyo, la! Kwa mistari, kama mkonge wa mashamba makubwa ya Mwatate. Upande wa Mwanzia hakuna hata mmoja. Nikasema huenda upepo umeleta mbegu. Tryphena akaweka jembe lake chini.

"Upepo gani unapanda kwa kamba, Baba Wakio?"

Kisha akaingia ndani kukunja nguo zake.

Jumamosi, 10 Novemba

Jana jioni nilivuka kwenda kwa Mwanzia. Nilikuwa nimejipanga kumwambia kwamba kamati imeamua hivi na vile. Nilipofika mlangoni yakatoka mengine. Nikasema mke wangu anaondoka. Hakunicheka. Aliniuliza kama nimekunywa chai.

Leo asubuhi Wakamba wamevuka wote. Walichimbua mpungate katikati ya maharagwe, polepole, kwa vijiti na mikono, wasije wakavunja mche. Waliniimba, wee! Crispus mzima mzima, na jina la baba juu yake. Safari hii sisi wa ng'ambo hii tulibeba pamoja nao mpaka mwambani. Njiani nikamuuliza Mwanzia kwa nini anahangaika na shamba lisilo lake.

"Mto ukijaa, mpungate wako utashuka mpaka kwangu," akasema. "Na maharagwe ya Mama Wakio nimeyala miaka mingi."

Kusema kweli, machozi yalinilenga, na sikuweza kuyafuta kwa sababu ya miiba mikononi. Nikamwachia uenyekiti palepale. Tryphena amezitoa nguo kwenye sanduku. Sijui kama amenisamehe, lakini amezitoa.

Jumatatu, 12 Novemba

Mimi ni mtu mpya. Nimeapa kusikiliza watu na kutofanya jambo peke yangu.

Leo nilikuwa Voi, stesheni. Nimeona ua la ajabu, jekundu na manjano katika kichwa kimoja! Karani wa pale anasema mbegu yake ilitoka nchi za mbali. Halitaki maji. Mbuzi hawaligusi. Ukipanda kichaka kimoja tu, ndege wanakula tunda lake na kukupandia vingine kila mahali. Bila jasho! Nikamwomba matawi, akanipa mzigo mzima. Ukingo wa shamba la Tryphena uko wazi, na mchanga unamomonyoka. Mwanamke huyu amenivumilia sana, anastahili maua. Nimeyapanda yote leo jioni, kuzunguka maharagwe. Sijamwambia yeye wala kamati. Nataka waone wenyewe.