Duka Limenichagua Mimi

Jumatatu, 3 Machi

Mimi nimezaliwa na bahati, na leo imethibitika kwa maandishi. Duka Jipya la magemu ya kompyuta limenichagua mimi, kati ya wote wenye kompyuta duniani, likanipa gemu la malori bure. Barua pepe imeanza na "Mpendwa mteja". Nimemsomea mke wangu mara mbili. Akauliza kama si gemu lile lile nililonunua zamani Duka Kongwe. Nikamwambia ndilo, lakini lile nilinunua, hili nimechaguliwa. Ni tofauti ya kualikwa harusini na kupita tu mlangoni watu wakiwa wanakula. Akarudi kukunja nguo. Wa nyumbani ndio wa mwisho kuiona nyota ya mtu.

Ila Duka Kongwe limeniudhi. Miaka yote nanunua kwao. Nimenunua hata magemu ambayo sijayafungua, kwa heshima tu. Siku yangu ya kuzaliwa wakanitumia nini? Tangazo la gemu la kufuga kuku. Mimi, fundi friji niliyezunguka miji na bandari, nikacheka na manahodha, nifuge kuku wa kwenye kioo.

Jumanne, 4 Machi

Mpango. Mteja akiaga, mwenye duka hutoka mbio kumshika mkono. Nalijua hilo kwa kazi yangu: mtu akisema anakwenda kwa fundi mwingine, namshushia bei kabla hajafika barabarani. Basi nimeingia Duka Kongwe, nikabonyeza pa kufunga akaunti. Penye sababu nikaandika: Mmenipoteza, mjitafakari. Sasa nangoja kubembelezwa.

Jibu limekuja chai haijapoa. Asante, akaunti imefungwa, itafutwa kabisa mwisho wa wiki ijayo, nikibadili mawazo nibonyeze hapa. Basi. Hawakuuliza hata nimekosewa nini. Bila shaka aliyejibu ni mgeni kazini. Mkubwa wake akiiona barua yangu atashtuka.

Alhamisi, 6 Machi

Mkubwa hajashtuka.

Nimehamia Duka Jipya. Gemu lile lile, barabara zile zile, ila hakuna mtu. Nimepeleka mzigo wa mbao mlimani peke yangu, nimerudi peke yangu.

Hapa inabidi nieleze. Kule Duka Kongwe nilikuwa na rafiki mmoja tu kwenye orodha. Jina lake la barabarani ni Taratibu. Huyo ni kaka yangu mkubwa, tumbo moja, na ndiye aliyenifundisha ufundi. Nilipopata akili nilifungua karakana yangu mkabala na yake, nikatundika bango: kujaziwa gesi mara ya kwanza ni bure. Wateja wake wakavuka barabara. Biashara ndiyo hiyo. Yeye akafunga, akahamia mji mwingine, na tangu hapo hatusemezani. Hata kwenye msiba wa shangazi tulishika jeneza upande huu na huu kama watu waliokodiwa.

Ila jioni, kwenye gemu, lori lake la bluu hutokea, nami hulifuata. Hatuandikiani neno. Akikaribia kona kali huwasha taa mara mbili. Nami nawasha mara mbili, kwamba nimeona. Mama alipopata habari alifuta macho, akasema afadhali tukutane humo kuliko makaburini.

Sasa kumbe malori ya maduka haya mawili hayaonani. Aliyenunua kule yuko kule, aliyepewa huku yuko huku. Hilo "Mpendwa mteja" hakuambiwa.

Jumamosi, 8 Machi

Mpango wa pili, kiboko ya wa kwanza. Duka Jipya linasema ukileta marafiki unapata pointi, na pointi zikitosha unaweza kumzawadia mtu gemu. Nitamtumia kaka gemu la malori. Avuke aje huku, bila mimi kumwomba, bila kuonekana nimenywea. Nilishavusha wateja wake wote, nitashindwa kumvusha mwenyewe?

Nimewaandikisha kinyozi, mshona nguo na mama mkwe, wote kwenye kompyuta yangu. Kinyozi akauliza kama kuna gemu la kunyoa. Nikamwambia liko njiani. Mama mkwe, ambaye simu yake ni ile ya kubonyeza, akataka kujua kazi yake humo itakuwa nini. Nikamwambia mama, wewe uwepo tu. Akasema kuwepo tu anaweza, ameshazoea tangu binti yake aolewe na mimi.

Jumapili, 9 Machi

Duka Jipya limenifungia. Linasema watu wengi mno wametokea kwenye mashine moja na hii si tabia ya kawaida. Akaunti ya mama mkwe wameiacha wazi. Kanipa pole, akasema nikitaka kuingia kwa jina lake hana neno, bora nisiliharibu.

Mke wangu akasema nibonyeze nirudi Duka Kongwe kabla halijafuta, kwani nani ananiona? Nikamwambia mwanamume halambi matapishi yake. Akasema kaka yako naye ni mwanamume, ndiyo maana nyote wawili mnaendesha malori yasiyokuwepo ili msisalimiane.

Nikaenda karakana, nikakaa juu ya friji la mtu.

Nimewafikiria wale waliovuka barabara kwa gesi ya bure. Hakuna aliyebaki. Alikuja fundi mwingine akawapa stendi ya friji bure, wakavuka tena. Sikuwachukia, maana niliwafundisha mwenyewe. Ila kulikuwa na mwalimu mmoja mstaafu, yeye hakuvuka kamwe. Siku kaka anapakia vyombo kwenye gari, alimletea friji zima, halina ugonjwa wowote. Akasema alitazame tu. Kaka alilitazama, akalifunga mlango polepole, wakaagana. Mimi nilikuwa ng'ambo chini ya bango langu, nikacheka nikasema mzee amechanganyikiwa.

Duka gani litanipata mimi niwe mteja wa namna ile? Na mimi ni duka la nani?

Jumanne, 11 Machi

Nimelamba. Nimebonyeza pale pa kurudi. Wakasema karibu tena, hawakuuliza nilikuwa wapi. Magemu yangu yote yapo, hata ambayo sijayafungua.

Nikangoja jioni nzima. Jina la Taratibu ni la kijivu, kama mtu asiyekuwepo. Nikapanda mlima hivyo hivyo. Kwenye kona kali nikawasha taa mara mbili.

Alhamisi, 13 Machi

Kichwa kiko ndani ya friji la muuza samaki, simu inaita. Kaka.

Hakusalimu. Akauliza ninaumwa? Nikasema hapana. Akauliza mke, watoto? Wazima. Basi akaanza kunikaripia kama zamani. Kwamba jina langu limefutika kwenye orodha, lori halionekani, yeye amepiga simu kwa Mama kuuliza kwa mzunguko kama kuna msiba anafichwa. Kwamba ameacha kucheza, kwani apande mlima ule akimwashia nani taa?

Nikamwambia nilikuwa na mambo mengi, maduka yananigombania. Kisha akauliza ni friji gani linalonguruma hapo. Nikamweleza. Akasema kompresa inakufa hiyo, nisimwambie mtu wa watu kwamba ni gesi. Nilikuwa nimeshamwambia ni gesi. Nikatoka nikamwita muuza samaki, nikasema upya, kaka akisikiliza kwenye simu.

Tukaongea mpaka sikio likapata moto. Jioni lori la bluu lilikuwa linanisubiri chini ya mlima.

Ijumaa, 14 Machi

Habari kubwa. Limefunguliwa duka la tatu. Wanatoa honi ya dhahabu ya lori kwa atakayewahi. Nikampigia kaka, tuhame sote. Akasema nihame mimi, yeye hatoki, nikichoka nitamkuta pale pale. Nimeshafungua akaunti yangu, ya mke wangu na ya mama mkwe, safari hii kwenye kompyuta ya kinyozi. Kesho nawaandikia Duka Kongwe barua ya kuaga. Kosa la ile ya mwanzo ni kwamba ilikuwa fupi. Hii itakuwa ndefu, na watabembeleza.

Halafu lile la kuchaguliwa. Si kweli. Gemu lile walipewa wote. Hata mama mkwe alipewa, naye hana kompyuta.