Mti Usiodai Shairi

Jumatano, 20 Desemba

Mti umeshasimama sebuleni. Mjomba Guntis kaukata mwenyewe msituni. Mzuri, na adui yangu. Kwetu Riga hupewi zawadi mpaka usimame mbele ya mti ughani shairi, watu wote wakikutazama. Mwaka jana nilikwama mstari wa pili. Zawadi ikafungiwa kabatini hadi Pasaka. Mwaka huu ni darubini! Nimeiona chini ya kitanda cha Bibi Austra.

Alhamisi, 21 Desemba

Maktaba. Ushindi! Kitabu kinasema mti wa kwanza wa Krismasi ulisimamishwa hapa hapa Riga, mwaka 1510, na wafanyabiashara waseja. Waliupamba, wakaubeba hadi uwanjani. Shairi halitajwi. Ukurasa wa pili sikuusoma, walikuwa wanafunga.

Ijumaa, 22 Desemba

Nimemweleza Bibi kwamba mashairi yalichomekwa baadaye, na sisi wenye mti tunapaswa kufuata asili. Nilimaliza bila kukwama. Mdogo wangu Madara, ambaye ameshakariri mashairi matatu, alilia, akaniita mwoga wa mti. Bibi alitafakari, akasema sawa, tufuate asili. Akaomba jina la kitabu. Nikampa, pamoja na namba ya rafu.

Jumapili, 24 Desemba

Bibi alisoma ukurasa wa pili. Waseja wale walicheza ngoma kuuzunguka mti, kisha wakauchoma. Kuchoma ametusamehe. Mseja pekee nyumbani ni mimi.

"Haya, mjukuu wangu," akasema. "Asili uliitaka mwenyewe. Icheze."

Undīne, msichana wa ghorofa ya juu, alikuwepo na mama yake, wakila mbaazi za kijivu, chakula chetu cha Krismasi. Mjomba akashika kodiani. Sikumaliza hata mzunguko mmoja. Mguu ulinasa kwenye waya wa taa, tukaanguka pamoja, mimi na mti. Mjomba aliendelea kupiga. Undīne alinitoa majani ya mti kichwani, akauliza kama nimeumia. Nikamjibu: 1510.

Madara alighani yote matatu mbele ya mti uliolala, akazawadiwa. Bibi kaamua kwamba kuanguka si kuzunguka. Darubini, Pasaka.

Jumatano, 27 Desemba

Maktaba tena. Kumbe Waestonia wanadai mti wa kwanza ulikuwa wao, Tallinn, mwaka 1441! Basi desturi ya Riga si asili, na ngoma yake imefutika. Nimekimbia kumwambia Bibi kwamba mwakani tufuate ya Tallinn. Amekubali upesi mno, akauliza namba ya rafu. Nimempa. Ukurasa wa pili sikuusoma; wa kwanza unaishia pale wafanyabiashara wanapokwenda kuwaita wasichana wa mji. Nadhani ni wa kufagia uwanja.